Gari Likirudi Bovu Kutoka Gereji, Je, Ulipe?

Katika ofisi yetu ya kilimo tumezoea kuulizwa habari za mbolea, dawa ya kupe na ng'ombe anayekataa kushika mimba. Lakini tangu mvua za masika zianze wamenijia watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na swali ambalo halimo katika vitabu vya Bwana Shamba: "Karani, fundi amelitengeneza gari langu, nalo limeharibika tena kabla mwezi haujaisha. Sasa anataka nimmalizie pesa zake. Je, nilipe?"

Mmoja wao alikuwa amekwisha kata shauri la kutolipa hata senti moja. Wa pili alikuwa amelipa zote, na gari lake liko chini ya mti nyuma ya zizi, kuku wanalala ndani. Wa tatu alitaka kwenda usiku na ufunguo wa akiba alichukue gari lake kwa siri. Nimeona afadhali niwajibu wote watatu hapa, kwa maana jambo hili limenipata mimi mwenyewe, na nisiseme uongo, haki haikuwa yangu yote.

Kwetu Borabu gari si pambo la nyumba. Mashamba ya Nyansiongo, Lietego na Manga yalipokatwa kutoka mashamba makubwa ya walowezi katika miaka ya 1960, wengi walipata viwanja vilivyo mbali na barabara kuu, na mpaka leo maziwa, viazi, ndizi za kupeleka Daraja Mbili na magunia ya mbolea hupita katika njia za udongo ambazo mvua huzigeuza kuwa sabuni. Pikapu moja ikilala gereji wiki moja, maziwa ya boma tatu au nne hutafuta mgongo wa pikipiki.

Pikapu yetu ni nzee, tuliinunua mimi na ndugu yangu. Mapema mwezi wa Aprili ilichemka katika mlima wa kuelekea Keroka, ikatoa moshi mweupe, ikakataa kabisa. Tuliivuta mpaka gereji moja ya mjini. Mwenye gereji akaifungua, akatuambia kwamba gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Tulipatana Sh. 32,000/- kwa mdomo, spea na kazi pamoja, na jioni akaniletea ujumbe katika simu: jumla elfu thelathini na mbili, tuma ishirini tuanze. Nikatuma ishirini.

Siku ya tano nilipokwenda kulichukua gari, hesabu ilikuwa imepanda mpaka Sh. 41,500/-. Zile 9,500/- za juu, akasema, ni za pampu mpya ya maji. Sikuwa nimeulizwa habari ya pampu. Nikamwuliza, "Fundi, ile ya zamani iko wapi?" Akatazama huku na huku, akasema vijana wameitupa. Nilimwongezea Sh. 10,000/-, akaniruhusu kuondoka, zikabaki 11,500/- katika kitabu chake.

Siku 11 baadaye injini ilichemka tena. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili niliona oili imegeuka rangi, kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Mkulima yeyote aliyeona jambo hilo anajua maana yake: maji yameingia kwenye oili. Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Badala ya kuzima injini pale pale, nilikuwa na mikebe ya maziwa nyuma, nikajaza maji, nikaendelea, nikajaza tena, nikaendelea, mpaka sokoni. Maziwa yalifika. Injini haikufika vizuri.

Gereji ilipolifungua gari mara ya pili, mwenyewe alisema kwamba kichwa cha injini kimepinda, kinataka kusagwa katika mashine, nami nitoe Sh. 15,000/- nyingine pamoja na lile deni la 11,500/-, ama sivyo gari halitoki. Nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya vijana wanaojifunza kazi. Hayakunisaidia. Siku ile nilirudi nyumbani kwa matatu, nikakaa na kalamu, nikaanza kuandika kila kitu tangu mwanzo pamoja na tarehe. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nagombana bila kujua nagombania nini.

Tufikiri kidogo. Mtu akisema "fundi hakutengeneza", aweza kuwa na maana tatu zisizofanana. Aweza kusema kwamba kazi aliyoilipia imeshindwa. Aweza kusema kwamba kazi ile ni nzima, ila kitu kingine kimevunjika, na katika gari la miaka 25 jambo hili hutokea kila mara bila kosa la fundi. Ukibadilishiwa breki leo na klachi ikafa kesho, usimwendee fundi wa breki. Au aweza kusema kwamba kazi ni sawa lakini bei imezidi mapatano. Mimi nilikuwa na la kwanza na la tatu yamechanganyika pamoja, na mwenye gereji aliniona kama mtu asiyetaka kulipa tu. Kila dai lina ushahidi wake, na ukiyachanganya yote mawili hupotea.

Katika dai la kwanza swali kubwa ni hili: Je, mlipatana kubadili gasketi, au mlipatana kuondoa kule kuchemka? Fundi aliyeambiwa "badilisha gasketi" amemaliza kazi yake akiibadilisha vizuri. Fundi aliyeambiwa "gari linachemka, tafuta sababu na uiondoe" ameahidi jambo kubwa zaidi. Basi ukifika gereji usimtajie fundi kipande cha kubadili kama vile wewe ndiwe daktari. Mwambie ugonjwa, na maneno hayo ya ugonjwa ndiyo yaandikwe.

Na sababu ya kuchemka haiwi moja. Gasketi huungua mara nyingi kwa kuwa injini ilikwisha kupata moto mwingi kwa jambo jingine: rejeta imeziba, thamostati haifunguki, pampu imechoka, au feni haizunguki. Moto huo hupinda kichwa cha injini. Fundi mwangalifu hukipima kabla ya kuweka gasketi mpya. Huweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na kujaribu kupitisha chini yake vipande vyembamba vya kupimia nafasi. Katika injini nyingi ndogo, mpindo wa sehemu moja ya kumi ya milimita watosha kuikataza gasketi isizibe, na jicho la mtu haliwezi kuuona. Kisha bolti hukazwa kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu. Anayekaza kwa mkono na kwa kukisia anaweka gasketi ya kukaa siku chache.

Mimi nililipa Sh. 1,500/- kwa fundi wa gereji nyingine aje apime kile kichwa pale pale kilipokuwa mezani, mbele ya mwenye gereji na mbele yangu. Nawasihi mfanye hivyo kabla kitu hakijasagwa wala kufungwa tena, kwa sababu kikisha kusagwa ushahidi umekwisha. Alipima, akaonyesha nafasi kwa wote. Mwenye gereji akasema, "Mwalimu amekipinda mwenyewe alipolikimbiza likichemka." Yule fundi wa pili, mtu mzima asiyependa makelele, akajibu kwamba mpindo hauna tarehe, hawezi kuapa ulikuja lini. Akauliza neno moja tu: "Mara ya kwanza mlikipima? Karatasi ya mwenye mashine iko wapi?" Karatasi haikuwako. Aliandika aliyoyaona katika nusu ukurasa, akatia sahihi na tarehe.

Sasa tuitazame sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango cha kufaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya motokaa, na ni ajabu jinsi watu wachache wanavyoijua, hata wenye gereji. Sheria hiyo yamtaka fundi ampe mteja makadirio kabla ya kumdai malipo, wala asidai pesa za kazi ambayo mteja hakuikubali. Bei ya mwisho isizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Vipande vilivyotolewa mteja arudishiwe. Na tena, vipande vipya au vilivyofanywa upya, pamoja na kazi ya kuvifunga, vina dhamana isiyopungua siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia, hata kama fundi hakutamka neno dhamana.

Fanyeni hesabu ya gari langu. Makadirio yalikuwa Sh. 32,000/-, na asilimia 10 yake ni 3,200/-. Zile 41,500/- zilipita mpaka kwa mbali. Na ile oili ya rangi ya chai ilionekana siku ya 11, siku 90 ziko mbali bado.

Lakini sheria ile ile yasema kwamba mteja aliyekitumia kipande vibaya hawezi kuidai dhamana ya kipande hicho. Kulikimbiza gari likichemka ni kulitumia vibaya, sina la kujitetea. Vile vile tazameni neno "vipya au vilivyofanywa upya". Kipande kikuukuu kilichochomolewa katika gari jingine hakimo katika maneno hayo, na kwetu vipande vya namna hiyo ndivyo vinavyouzwa zaidi. Ukikubali kufungiwa kikuukuu kwa sababu ni rahisi, patana na fundi dhamana yako mwenyewe, hata ya wiki mbili. Na ukinunua spea kwa mkono wako ukampelekea fundi, kisha spea yenyewe ikapasuka, huna haki ya kumwambia fundi neno. Nenda kwa mwenye duka na risiti, yeye ndiye anayebanwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa.

Yule bwana wa ufunguo wa akiba anisikilize vizuri. Fundi aliyefanya kazi katika gari lako ana haki ya kulizuia mpaka alipwe malipo halali ya kazi hiyo. Ukilitoa usiku unaacha kuwa mdai unakuwa mtu wa kutafutwa. Nimesikia pia katika hoteli moja ya Keroka mtu akiwafundisha wenzake kwamba ulipe kwa simu, ulichukue gari, kisha upige simu kudai kwamba pesa zilikwenda kwa makosa ili zirudishwe. Huo ni wizi, na ujumbe wa simu unaoandikwa ndio utakaokufunga. Wala gari lisiachwe gereji mwaka mzima kwa ukaidi: iko sheria inayompa fundi njia ya kuuza mali iliyoachwa kwake baada ya kutoa notisi.

Basi afanyeje mtu anayelihitaji gari lake leo, na maziwa yanangoja? Kwanza alipe kile asichokikataa. Kulipa sehemu iliyo halali huonyesha kwamba wewe si mkwepaji, na hakimu au mzee yeyote hupenda kuliona jambo hilo. Akikataliwa gari mpaka alipe zote, na kiasi chenyewe si cha kumwangusha, aweza kulipa huku akiandika katika risiti au katika ujumbe wa simu kwamba analipa kwa kupinga, apate gari, kisha adai kurudishiwa. Kimya ndicho kibaya. Ukilipa kimya, kesho utaambiwa uliridhika.

Mimi niliandika barua. Naiweka hapa kwa wale wasiojua waanzie wapi, nikiacha jina la gereji na namba ya gari.

"Kwa Mwenye Gereji. Bwana, tarehe 4 Aprili niliwaletea pikapu yangu ikiwa inachemka. Mlikubali kuitengeneza kwa Sh. 32,000/-, kama ujumbe wenu wa simu wa siku hiyo unavyosema. Nimelipa Sh. 30,000/-. Niliichukua tarehe 9, na tarehe 20 ikachemka tena. Kichwa cha injini kimepimwa mbele yetu sote, na maandishi ya fundi aliyepima nimeyaambatisha. Naomba kazi irudiwe bila malipo ya kazi katika siku 14. Sikatai Sh. 2,000/- zilizobaki katika mapatano ya kwanza. Nakataa Sh. 9,500/- za pampu ambayo sikuiagiza wala sikuonyeshwa ile ya zamani. Tusipopatana nitapeleka madai yangu mahakamani. Wako."

Nilipeleka nakala mbili, moja ikatiwa sahihi ya kupokelewa na kijana wa ofisini kwake. Mtaona kwamba haina tusi hata moja na haina habari ya taabu zangu za nyumbani. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za taabu hizo, nashukuru sikuipeleka.

Baada ya barua kuna njia kadhaa. Mafundi wa jua kali katika miji yetu wana wenyeviti wao, na hawa hawapendi sifa ya eneo lao iharibiwe na mtu mmoja. Chifu na wazee nao husikiliza, na Katiba yenyewe katika kifungu cha 159 yahimiza mapatano ya namna hiyo. Polisi si watoza madeni. Nenda kwao ikiwa betri yako nzuri imetolewa ikawekwa mbovu, maana hilo ni jinai, lakini kazi iliyoshindwa ni madai ya raia kwa raia. Na mapatano yakikataa kabisa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000/-. Mtu aweza kujisemea mwenyewe, na sheria yataka shauri liishe katika siku 60 tangu kuandikishwa. Ukifika katika mahakama ya Kisii, Nyamira au Keroka, ingia ofisi ya daftari, uulize madai ya namna yako huandikishwa wapi, na uwe na karatasi zako mkononi.

Mimi sikufika huko. Mwenyekiti wa mafundi alituita siku ya saba, tukakaa juu ya matairi. Alisoma barua, akasoma maandishi ya fundi, akautazama ule ujumbe wa simu kwa muda mrefu kuliko vyote. Akamwambia mwenye gereji kwamba asiyepima hawezi kumlaumu aliyekimbiza, kisha akanigeukia: "Na wewe mwalimu, oili ikiwa kama chai unaendelea kwenda wapi?" Watu walicheka.

Shauri lilikatwa hivi. Gereji isage kichwa na kurudia kazi kwa gharama yake. Gasketi mpya na oili ninunue mimi, kwa sababu ya kule kukimbiza, zilinigharimu Sh. 7,000/-. Zile 2,000/- za mapatano nizilipe. Pampu ilikuwa mpya kweli na ilikuwa inafanya kazi, basi nilipe bei yake ya dukani, Sh. 4,800/-, yeye aache 4,700/- alizokuwa ameziongeza. Ndugu yangu hakufurahi na hiyo pampu, anasema nilikuwa mlegevu, na mpaka leo tukila pamoja huirudia habari hiyo. Lakini pampu ilikuwa ndani ya gari letu, ikizunguka kila siku. Sikuona uso wa kuitumia bure.

Maziwa yalibebwa na pikipiki siku 9. Pikapu inakwenda, haijachemka tangu hapo.

Jambo moja limenisumbua tangu siku ile. Mkulima wa chai wa kiwanda cha Nyansiongo au Kebirigo husimama mbele ya mizani ya kituo macho wazi, na asipopewa karatasi ya uzito wake haondoki. Anajua kilo zake za jana na za juzi. Mtu huyo huyo humpa fundi Sh. 40,000/- bila hata mstari mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali. Mafundi wengi watakwambia hawana karatasi. Sawa, andika wewe katika simu, mpelekee: gari linachemka, tumepatana kiasi hiki, limeingia likiwa na kilomita hizi, betri ya aina hii, usibadilishe kitu kingine bila kuniuliza, spea za zamani nitazichukua. Akijibu "sawa", hilo neno moja latosha. Fundi mwema hachukizwi na ujumbe wa namna hiyo. Humlinda yeye pia na mteja mwenye kusahau.

Nakala ya ile barua iko katika meza yangu ofisini. Anayetaka kuiiga aje asubuhi na kalamu yake, na alete risiti zote alizo nazo, hata zile zilizolowa oili.